Dakika kumi za kila usiku (na yule mtoto wa dawati la tatu)

Najua nimeadimika kama bumu, naombeni msamaha. Wiki mbili hizi zilikuwa testi juu ya testi, na mwenye akili zake hawezi kukaa anaandika stori huku desa la Saikolojia ya Elimu linamtazama kwa jicho baya. Sasa testi zimeisha, matokeo anayajua Mungu, nami nimerudi kijiweni.

Leo nina jambo nililokaa nalo muda mrefu. Kwa kweli nilikuwa naona aibu kulisema. Ila kwa kuwa wengi mnaonisoma ni walimu watarajiwa kama mimi, na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza na wa pili wanaanza kuulizana watapangiwa wapi TP, nimeona bora nilitoe tu. Huenda likamsaidia mmoja asije akafanya nilichofanya mimi.

Basi bwana. TP yangu ya kwanza nilipangiwa shule moja ya kata, kanda ya kati. Jina naliacha, maana kosa halikuwa la shule, lilikuwa langu. Nikapewa Jiografia kidato cha kwanza. Nilikwenda nimejipanga! Andalio la somo limenyooka, manila zangu nimezichora usiku kucha, sketi ya kitenge imepigwa pasi hadi inakata. Mada ya siku ile ilikuwa mzunguko wa dunia kwenye mhimili wake. Nilikuwa na sentensi yangu moja nzuri nimeikariri kama shairi: dunia inazunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, nyuzi moja kwa dakika 4. Nikaitema kwa Kiingereza kama utaratibu wa sekondari unavyotaka. Watoto wakanakili. Nikajiona mwalimu.

Dawati la tatu, upande wa dirishani, kulikuwa na binti mdogo, mwembamba, sweta limemzidi. Akanyoosha mkono. Kiingereza kilikuwa bado hakijamkaa, si mnajua watoto hawa miaka saba yote ya msingi wamesoma kwa Kiswahili halafu ghafla kidato cha kwanza kila kitu kinageuka. Akaomba ruhusa aulize kwa Kiswahili. "Madamu, kama dunia ndiyo inayozunguka, mbona jua ndilo tunaliona linatembea?"

Jamani, swali zuri kuliko hilo mwalimu wa Jiografia anataka nini tena? Mimi nikarudia sentensi yangu. Ile ile. Nikamuuliza, umeelewa? Akasema hapana. Nikairudia tena, safari hii polepole na kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio yake. Umeelewa? Kimya. Mara ya tatu nikawa nagonga ubao kwa chaki, nyuzi kumi na tano! Kwa saa! Moja! Darasa likacheka. Walimcheka yeye, siyo mimi. Akasema, "Nimeelewa, madamu," akakaa.

Hakuwa ameelewa. Nililijua hilo pale pale, macho hayadanganyi. Lakini kengele ilikuwa inakaribia, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wa maneno yangu. Nilibaki pale hadi mwisho wa TP, wiki kadhaa, na yule mtoto hakunyoosha mkono tena hata siku moja. Siyo kwangu tu. Siku moja nilipita nje ya dirisha wakiwa kwenye kipindi cha Hisabati, wenzake wote mikono juu, yeye kainama. Kwenye zoezi nililotoa mwishoni aliliruka swali la mzunguko wa dunia, akaacha nafasi nyeupe, safi. Ile nafasi nyeupe hadi leo naiona.

Mwalimu mmoja mzee pale shuleni, aliyekuwa anakaa nyuma kunitazama nikifundisha, aliniita kwenye ofisi ya walimu. Hakunigombeza. Aliniambia hivi: "Mwanangu, somo unalijua. Tatizo lako nyumba yako ina mlango mmoja. Mtoto akishindwa kupita hapo, badala ya kumfungulia mwingine, unamsukuma."

Nililia siku hiyo, sitawaficha.

Nikarudi hapa Mlimani na mlango wangu mmoja. Chumbani tulikuwa wanne: mimi wa Elimu, dada mmoja wa Sheria, mwingine wa Uhasibu, na rumeti wetu wa Sanaa za Maonyesho, ambaye tulizoea kumcheka kwa sababu kila asubuhi alikuwa anafanya vituko mbele ya kioo. Mara ajifanye bibi kizee anayetafuta miwani, mara konda, mara mtu anayenunua samaki bila kutumia neno lolote. Usiku mmoja nikawasimulia habari ya yule mtoto. Wa Uhasibu akasema nisijali, wanafunzi wapo wengi. Wa Sanaa ndiye aliyekaa kitandani akaniuliza, "Ulikuwa umefanya mazoezi ya kuisema hiyo kitu kwa namna ngapi?" Nikamwambia moja. Akasema, "Sasa siku ya mchezo ulitegemea ya pili itoke wapi?"

Ndipo alipotueleza kwamba kwao hayo si masihara. Kwamba kulikuwa na mama mmoja Marekani, Viola Spolin, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa anafundisha maigizo Chicago kwa watoto na wahamiaji waliotoka huku na huko, kila mmoja na lugha yake na haya zake. Akaona ukimpa mtu maelekezo marefu anaganda, ila ukimpa mchezo mfupi wenye sheria moja au mbili, anasahau kuogopa na mwili wake unapata njia wenyewe. Michezo hiyo akaja kuikusanya kwenye kitabu mwaka 1963, na hadi leo watu wa jukwaani wanaitumia. Kumbe rumeti wetu hakuwa amechanganyikiwa, alikuwa darasani, teh teh.

Tukakubaliana: dakika kumi kila usiku, saa tatu, kabla ya kila mtu kuzama kwenye simu au msuli wake. Hakuna maksi. Hakuna kumcheka mtu, yanachekwa maneno. Anayeshindwa anaruka zamu, haulizwi kwa nini. Mimi nikanunua daftari la kaunta la kuandikia mistari miwili mitatu kila baada ya zoezi. Ninayowaandikia hapa mengi nayatoa humo.

Zoezi la kwanza tuliliita maneno rumande. Unapewa jambo la kueleza, halafu maneno manne au matano ya muhimu yanawekwa ndani, huruhusiwi kuyagusa. Dada wa Uhasibu alipewa mfumuko wa bei, marufuku kusema bei, hela, soko, ghali wala serikali. Mtu anasoma hayo mambo mwaka wa pili lakini alikaa dakika nzima anatazama dari. Mwisho akasema: "Mwezi uliopita mama alitoka na noti moja akarudi kikapu kimejaa. Mwezi huu katoka na noti ile ile na kikapu kile kile, karudi na nyanya unaweza kuzihesabu kwa vidole." Tukapiga makofi. Mwenyewe alisema hakuwahi kuielewa ile mada vizuri kama usiku ule. Hapo nikapata la kwanza: maneno ya kwenye desa ni kama mkongojo, unaweza kutembea nayo miaka mitatu bila kujua kama miguu yako ina nguvu.

Zoezi la pili ni stori moja, masikio mengi. Hili wa Sanaa alilipata kwa lekchara wao, aliyewaeleza habari za Mfaransa Raymond Queneau, ambaye mwaka 1947 alitoa kitabu chenye kisa kimoja kidogo tu. Kijana mwenye shingo ndefu na kofia ya ajabu anagombana na abiria mwenzake ndani ya basi la Paris, halafu baadaye anaonekana tena, rafiki yake akimshauri kuhusu kifungo cha koti. Basi, kisa ndiyo hicho. Ila kakisimulia kwa namna 99! Sisi tukasema kama Paris wana basi, Dar tuna daladala, tena visa vyetu vina chumvi zaidi.

Nikaleta kisa cha asubuhi yake: konda amemrudishia mama mmoja chenji pungufu ya shilingi mia, mama kagoma kushuka, kasimama mlangoni, gari zima limekwama kituoni. Nikakisimulia kama ninampigia simu mama yangu. Halafu kama natoa maelezo polisi. Halafu kwa mtoto wa miaka sita. Hadi hapo raha tupu. Kisha wakaniambia, sasa wewe ni konda. Jamani! Nilianza kwa kumfanya mjeuri, wakanikatalia, wakasema konda hajioni mjeuri, tafuta upya. Ikabidi nifikirie kweli. Nikajikuta nasema nimeamka saa kumi alfajiri, hesabu ya bosi bado haijafika hata nusu, sarafu zimeniishia tangu kituo cha tatu, na huyu mama ni wa tano kunitukana leo. Nilipomaliza chumba kilikuwa kimya. Asubuhi ile nilikuwa upande wa mama mia kwa mia, na shilingi mia yake bado ilikuwa haki yake. Ila nilikuwa sijawahi kusimama alipo konda. Wala sijawahi kukaa kwenye dawati la tatu, dirishani.

Zoezi la tatu ni kitendawili kipya. Hili ni letu kabisa, halina haja ya Mmarekani wala Mfaransa. Bibi zetu walikuwa wanafanya hivi kila jioni: kitendawili! tega! Ukishindwa unatoa mji. Tofauti ni kwamba sisi tulikataza vya zamani, kila mtu atunge chake kwa kitu kilichomo chuoni. Hiki ni changu: mgeni wangu namsubiri miezi miwili, akija hamalizi wiki. (Mmeshakijua, ni bumu.) Hiki cha dada wa Sheria: tumo wanne chumbani, kila mmoja anachungulia dirisha lake mkononi. (Simu.) Unaona ni utoto, lakini kutunga kitendawili kunakulazimisha ukitazame kitu, utupe yasiyo na maana, ubaki na sifa moja inayokitambulisha, halafu uitafutie kitu kingine kinachofanana nayo. Na mwalimu anapotafuta mfano darasani anafanya nini kingine?

Zoezi la nne ndilo niliyekuwa nalidharau, nalo ndilo lililokuja kuniokoa. Tuliliita nirudishie. Mwenzako anaongea dakika moja juu ya jambo linalomkera, wewe unasikiliza, huandiki. Akimaliza unamrudishia alichosema kwa maneno yako. Kama hujampata anasema "siyo hicho", unajaribu tena, mpaka aseme "hicho hicho". Wapendwa, mara ya kwanza nilirudishiwa "siyo hicho" mara nne. Mimi! Mwalimu mtarajiwa! Kumbe siku zote mtu akiongea nilikuwa napanga jibu langu, yeye nasikia nusu. Yule binti aliniuliza kwa nini tunaona jua linatembea. Alikuwa anauliza habari ya macho yake, mimi nikamjibu habari ya nyuzi.

Msidhani mambo yalikwenda kama maji mtelemkoni. Wiki ya pili dada wa Sheria alijitoa, akasema ana kesi kumi na mbili za kusoma, na hiyo ni michezo ya chekechea. Alirudi baada ya siku tisa, akidai kwamba usingizi haumjii bila kelele zetu. Kuna siku tulikuwa tumechoka, zoezi likaisha dakika tatu. Kuna siku nilikuwa sina kitu kabisa, kwenye daftari nimeandika "leo kichwa ni jiwe" basi. Mwezi mzima wa kwanza sikuona badiliko lolote. Nilichokiona ni kwamba siogopi tena kukwama. Kila usiku unakwama mbele ya watu watatu, unacheka, unatafuta pengine pa kupita. Baada ya muda kukwama kunakuwa kitu cha kawaida, kama foleni ya Ubungo. Hukasiriki, unatafuta njia ya ndani.

Dalili ya kwanza ilikuja kwenye semina. Kundi letu tulikuwa na prezentesheni, umeme ukakatika dakika ya pili, projekta ikazima na slaidi zetu zote kumi na nane. Wenzangu wakanigeukia. Zamani ningeomba tuahirishe. Nikachukua chaki, nikauliza darasa mtu wa mwisho aliyewafundisha kitu wakakielewa alifanyaje, nikaanzia kwenye majibu yao. Tulipata maksi za kawaida tu, siwadanganyi. Ila mikono haikutetemeka.

Kisha TP ya pili. Safari hii mkoa wa Pwani, kidato cha kwanza tena, na nadhani Mungu ana ucheshi wake, maana mada niliyoikuta ni ile ile. Sikulala vizuri. Asubuhi nikaingia, nikafundisha, na kweli, kijana mmoja wa nyuma akauliza karibu lile lile swali: mbona jua ndilo linalotembea?

Nilisikia moyo unapiga. Nikakumbuka nirudishie. Nikamwambia, "Subiri nione kama nimekupata. Unasema macho yako yanakuonyesha jua linahama, na kitabu kinakwambia ni wewe unayehama, na hujui umwamini nani. Ndiyo hicho?" Akasema, "Hicho hicho, madamu." Darasa halikucheka. Nadhani wengi walikuwa na swali hilo hilo mfukoni.

Nikauliza nani amepanda basi akakaa dirishani. Karibu wote. Nikauliza miti ilikuwa inafanya nini. "Inarudi nyuma!" Miti ina miguu? "Haina!" Sasa nani alikuwa anatembea? Nikanyamaza. Ukimya ule, wapendwa, ni mtamu kuliko makofi. Unaona kabisa jambo linaingia, sura moja moja.

Haikuishia hapo. Binti mmoja akasema, "Lakini madamu, kwenye basi natikiswa. Dunia mbona haitutikisi?" Hapo mlango wa kwanza ukafungwa, na wala sikuwa nimeandaa wa pili. Nikasema kweli, swali zuri, nipeni kidogo. Nikatazama nje. Wale ni watoto wa karibu na bahari, baba zao wengine ni wavuvi. Nikawauliza, bahari ikiwa shwari kabisa, mashua inakwenda taratibu, ukafumba macho, utajuaje kama inakwenda? Wakabishana wenyewe kwa wenyewe, tena kwa kelele. Wakakubaliana kwamba hutajua hadi ufumbue macho uone ufuko unasogea. Nikawaambia basi la njia mbovu linakutikisa kwa sababu ya mashimo na breki. Dunia haina mashimo wala breki, inakwenda mwendo ule ule mchana na usiku, na sisi na hewa na bahari tumo ndani ya safari hiyo hiyo. Ufuko wetu ni jua na nyota.

Ndipo nikaleta zile nyuzi, sasa zikiwa na kazi ya kufanya. Nikachukua chungwa na tochi, njiti moja ya kiberiti ikawa Dar, nyingine Kigoma. Dar iko kama nyuzi 39 mashariki, Kigoma inakaribia 30, tofauti nyuzi kama 10 hivi. Zidisha kwa dakika 4. "Arobaini!" Sasa, nikasema, Ramadhani yupo mtu Kigoma kafunga, kafungulia redio, inaadhini Magharibi ya Dar. Anakula au hali? Darasa likalipuka. Hali! Jua lake bado liko juu! Karibu dakika 40 anaisikia futari ya wenzake redioni huku tende anaitazama tu. Kuna kijana shangazi yake anaishi kule, akaapa kwamba kweli anawaonaga wakichelewa kufuturu kwenye simu. Zile nyuzi nilizokuwa nazitema kama shairi zikawa za shangazi yake.

Msinione nimekuwa bingwa. Wiki hiyo hiyo, kwa kupenda mifano, nikawaambia darasa jingine kwamba dunia inageuka kama chapati kwenye kikaango, upande mmoja unapata moto, mwingine unapoa. Nikafurahi na mfano wangu. Kesho yake nasahihisha madaftari, nakuta vijana watatu wamechora dunia bapa! Chapati kabisa, hadi na kikaango. Ikabidi nirudi nikaombe radhi. Jioni nikaandika kwenye daftari: kila mfano una mwisho wake, uwaambie watoto unapoishia. Na lingine: milango mingi haina faida kama nyumba yenyewe huijui. Mazoezi haya hayakusomei desa. Yanakusaidia kulitoa tu, kusoma ni juu yako.

Sasa niwaambie ninachoamini, nanyi mtanipinga kama kawaida yenu. Tunadhani mtu anayejua kuongea ni yule mwenye maneno mengi. Chuo kimejaa watu hao, kamata kipaza sauti cha Nkrumah uone watakavyopanga foleni. Lakini mimi nilikuwa na maneno mengi siku ile na mtoto akanipotea. Anayejua kuongea ni yule anayeweza kuacha njia aliyoizoea pale anapoona mwenzake hapiti, akatafuta nyingine bila kuona amevunjiwa heshima. Na wepesi huo haupatikani kwa kusoma mada ya mawasiliano ukaifanyia UE. Unakuja kidogo kidogo, dakika kumi kumi, kwa mambo ya kipuuzi, mbele ya watu wanaokupenda, ili siku ya jambo la maana usipaze sauti badala ya kubadili njia.

Yule mtoto wa dawati la tatu sijui yuko wapi. Kwa hesabu zangu sasa atakuwa kidato cha tatu. Nilifikiria kumwandikia barua kupitia shule, nikaanza mara mbili, nikachana. Ningemwambia nini? Kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu, labda hilo tu lingetosha. Nitaiandika. Nikiiandika nitawaambia.

Kwa wadogo zangu mnaokwenda TP: chukueni mada moja mtakayofundisha, usiku huu huu, mwelezeeni mwenzako chumbani bila kutumia maneno yake matano makubwa. Halafu mwelezeeni kama ni bibi yenu. Halafu muulizeni amesikia nini, msimuulize kama ameelewa. Ukimuuliza mtu "umeelewa?" atakwambia ndiyo ili umwache.

Haya, saa tatu imefika, wananiita. Neno langu la leo nimepangiwa "msamaha", na rumande wameweka kosa, samahani, kusahau na moyo. Hawa watu wana roho mbaya jamani. Alamsiki!